Ndoo Moja ya Maji Juu ya Jiwe la Dada

Volkano ililipandisha jiwe lile kutoka chini kabisa ya ardhi bila kuliharibu. Mimi nimeliharibu kwa ndoo moja ya maji. Ndiyo, ni mimi!

Kazi yangu ni kupasua mawe hapa Rungwe. Unakoka moto juu ya jiwe jeusi, likishika joto unalimwagia maji baridi, linalia paa! Unabaki kugonga kokoto.

Dada yangu mkubwa ni mjane, ana shamba la migomba Masoko. Siku moja akilima, alikuta jiwe jeusi lenye punje za kijani zinazong'aa.

"Mdogo wangu, usiliguse," akaniambia. "Naenda msibani Matwebe. Nikirudi tunampelekea mtaalamu wa madini. Akisema ni vito, naomba leseni ya kuchimba, na shamba haliuzwi."

Shemeji zake walishaanza kumsukuma auze.

Nikaitikia. Alipopinda kona tu, nikakusanya kuni! Nilitaka akirudi akute punje zimeshatoka, ziko kwenye kitambaa, aseme mdogo wake ni fundi.

Jiwe likalia paa. Punje zikajaa nyufa, ukizishika zinamomonyoka. Jamani!

Dada aliporudi alitazama majivu.

"Ulikuwa unapika jiwe?"

"Dada, nilitaka..."

"Limeiva?"

Nikainama kuokota chenga.

Mtaalamu alizitazama chenga zile muda mrefu. "Ni peridoti, kito cha kijani. Tuseme ilikuwa. Inaumbika chini sana, uji wa volkano unaibeba juu. Lakini ukiichoma na kuipoza ghafla, imekwisha. Leteni jiwe zima, ndipo niandike kitu cha kuombea leseni."

Sasa majirani wananiita Mpika Mawe. Waniite! Wengine wanasema mizimu ya ziwa la hapa Masoko ilikasirika. Acheni hizo! Mizimu haikushika ndoo. Niliishika mimi, na sitaki mtu anipunguzie kosa langu. Na nyie shemeji msishangilie: shamba halijauzwa. Mkileta mnunuzi, mtanikuta nimekaa mpakani.

Wewe uliyeokota jiwe la kijani, usilipeleke motoni. Na mwenye mali akisema usiguse, usiguse, hata kama mawe umeyapasua maisha yako yote!

Wiki iliyopita mvua ilifukua jiwe la pili, nusu yake imezama chini ya mgomba. Ubavuni lina kijani. Dada ameliona, na anajua nimeliona. Amelifunika kwa majani makavu ya mgomba, akaingia ndani. Mpaka leo hajaniambia kama atanipa mimi jembe nilichimbue zima, au atamwita mtu mwingine.