Lenzi ya Syombua na Majivu ya Mwaitu

Syombua alitumwa Mwingi kununua cherehani, akarudi Kyuso na lenzi. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na soko zima lilicheka mpaka likachoka. Mumewe Musyoka, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, alikuwa amemtumia pesa za cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ile inayompa mwanamke heshima kwa majirani. Lakini pale Mwingi Syombua alimkuta mwalimu mmoja Mzungu wa misheni akiuza vitu vyake arudi kwao, na katikati ya sufuria na viti bomba moja jeusi lilikuwa limelala mezani. Akalifunga kwenye kamera yake, skurubu zikakubali. Akachungulia, akamwona njiwa aliyetua juu ya paa la kanisa, mpaka ule uwekundu wa jicho lake. Habari ya cherehani ikaishia hapo.

Usimdhanie kichaa. Alikuwa na studio sokoni Kyuso, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua, na watu walimjia kupigwa picha za vitambulisho na za harusi. Kazi hiyo aliifanya vizuri, ikamlisha. Ila moyo wake ulikuwa porini, na lenzi ile ndiyo iliyompeleka.

Ilikuwa ya Kijerumani, ya kabla ya Uhuru, ndefu kama mkono wa mtu mzima, rangi imebanduka kwenye kingo. Haikukufanyia lolote. Ukitaka mwanga, unazungusha pete mwenyewe. Ukitaka sura ya ndege ikae sawa, unaitafuta mwenyewe kwa vidole, taratibu, na ukikosea ni juu yako. Syombua aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alipenda pia jinsi ilivyomtoa hondohondo kwenye mgunga akiwa wazi kila unyoya, huku majani ya nyuma yakiyeyuka na kuwa miviringo ya mwanga. Alizibandika picha hizo ukutani mwa studio. Mzee mmoja aliyekuja kupigwa ya kitambulisho alizitazama, kisha akauliza kama siku hizi ndege nao wanaandikishwa kura.

Karanja, aliyemletea filamu kutoka Nairobi, hakuacha kumshawishi anunue mpya.

"Mama, dunia imesonga," alimwambia. "Siku hizi kamera inajipanga yenyewe. Wewe ni kufinya tu."

"Sasa mimi nitakuwa nafanya nini?" Syombua akamjibu, akaendelea kupangusa kioo chake.

Sasa tufike kwa mama mkwe. Mutindi, mamake Musyoka, aliishi boma moja na Syombua, nyumba zao zikitazamana. Syombua alimwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wanavyomwita mama mkwe wanayempenda, na hakulitamka kwa ajili ya adabu tu. Mutindi hakuwahi kumsuta kwa habari ya cherehani. Kila kulipokucha alishuka mtoni kuchota maji, na mto wenyewe ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, unachimba mpaka maji yachuruzike. Akirudi, alimsimulia Syombua habari za wanyama aliowaona huko kama vile wengine wanavyosimulia habari za majirani.

Mwaka wa themanini na mbili Syombua alikaa Mombasa kwa mumewe miezi kadhaa, akarudi na mimba, na lenzi ikarudi na kuvu. Joto la pwani lenye unyevu halina huruma kwa vioo. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimeota ndani, nyembamba, zikitambaa kutoka pembeni. Akamwonyesha Mutindi akiwa na huzuni.

"Kuna kitu inakula kioo, mwaitu. Inakula kutoka ndani."

Mutindi aliinua lenzi kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

Uzazi ukaja vibaya. Syombua alipasuliwa, akalazwa hospitalini wiki kadhaa. Nyumbani Mutindi alibaki na wasiwasi usio na pa kwenda, na mtu wa aina yake akiwa na wasiwasi hutafuta kazi ya mikono. Akaikumbuka ile lenzi inayoliwa. Basi, kitu kinacholiwa kutoka ndani, mtu wa Kyuso anajua dawa yake. Ndiyo hiyo hiyo inayookoa ndengu isimalizwe na fukusi. Mutindi alichekecha majivu ya kuni mpaka yakawa laini kuliko unga, akaifunga lenzi kwa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akaizika ndani ya debe la ndengu na majivu, akafunika. Na kila siku alilitikisa debe hilo, ili dawa ifike kila mahali.

Ilifika kila mahali. Syombua alirudi na mtoto wa kike, akaifungua ile lenzi, na pete ya kutafutia sura haikusogea hata kidogo. Majivu yalikuwa yameingia kwenye meno yake ya ndani na kuikwamisha. Karanja aliipeleka Nairobi, akairudisha vile vile. Fundi alikuwa amejaribu, akasema akiilazimisha itavunjika. Vioo vilikuwa vizima, hata zile nyuzi za kuvu zilikuwa zimebaki pembeni. Ila lenzi sasa iliona umbali mmoja tu, ule ule ilipokwama. Kilicho karibu zaidi kilikuwa ukungu, na cha mbali zaidi vile vile.

Siku ile alipoifungua, Syombua alikaa sakafuni akalia. Hakumlaumu mtu, hakutaja jina la mtu, lakini alilia, na Mutindi alikuwa mlangoni akimwona.

Mtoto alikuwa binti wa kwanza, na kwa desturi aliitwa jina la mamake baba. Mutindi mdogo. Bibi angekuwa ndiye wa kumbeba, kumwogesha, kumtemea mate ya baraka. Badala yake Mutindi alianza kuweka maji nje ya mlango wa jikoni na kuondoka. Syombua alipomnyooshea mtoto, alirudi nyuma.

"Hii mikono yangu ni ya kuharibu," alisema. "Kaa na yeye."

Syombua alisema yote anayoweza kusema mtu. Kwamba ni chuma tu. Kwamba angenunua nyingine. Mutindi alijua hiyo ya kununua ni uongo, maana lenzi ya kwanza ilikuwa imekula cherehani nzima. Miezi ikapita, mtoto akajifunza kucheka, na bibi yake akakisikia kicheko chake kutoka nyumba ya pili.

Hapo ndipo ninapomvulia Syombua kofia. Mwingine angenuna, au angeiuza lenzi kwa bei ya chuma chakavu. Yeye aliona kwamba maneno hayatamrudisha yule mama, na kwamba kitakachomrudisha ni picha moja nzuri iliyotoka ndani ya lenzi ile ile. Akaanza kuisoma upya. Alitundika kitambaa kwenye zizi la mbuzi, akarudi nyuma na kusogea mbele mpaka nyuzi zake zikaonekana wazi. Umbali ulikuwa kutoka mlango wa jikoni hadi zizini. Akaujua kwa miguu, kisha akaujua kwa macho. Kwa kuwa pete haikugeuka, aligeuka yeye.

Ndege walimshinda. Ukisogea hatua moja, ndege amekwenda. Kisha asubuhi moja, akiwa juu ya ukingo wa mto, alimwona Mutindi kisimani akimimina kibuyu cha mwisho ndani ya hori la mbao, na tandala wamesimama mchangani wakimngoja arudi nyuma. Tandala, ambao Syombua alikuwa amewatafuta miaka yote ndani ya vibanda vya miiba bila kuwapata, kwa vile humnusa mtu kabla hajawaona. Na kutoka pale Mutindi aliporudi kusimama mpaka horini walipokuja kunywa ulikuwa umbali wa jikoni hadi zizini. Syombua alikaa chini, akaupima tena kwa macho.

Kanisa likawa na kongamano la akina mama huko mjini Tulia, Mutindi akaenda. Syombua alimwachia jirani mtoto, akajifunga leso kuukuu ya mama mkwe, ile yenye harufu ya moshi wa miaka, akachukua debe na kibuyu chake, akashuka mtoni kabla ya jua. Alipiga magoti kama Mutindi. Alichota kama Mutindi, bila haraka, mpaka debe likajaa. Kisha akajaza hori, akarudi nyuma kwa kipimo chake, akatulia na lenzi ndani ya leso.

Walikuja. Jike mmoja alitangulia, sikio moja limepasuka. Katika kioo alikuwa ukungu wa kijivu, na mkono wa Syombua, kwa mazoea, ukaishika pete isiyogeuka. Akauondoa. Akangoja mnyama ajilete. Hatua moja, ukungu ukapungua. Nyingine, mistari myeupe ya ubavuni ikaanza kujichora, mmoja mmoja, na alipoinamisha kichwa kunywa, kila unywele wa shingo yake ukawa wazi. Syombua akapiga.

Filamu aliiosha mwenyewe, akachapa picha moja kubwa, akamngoja Mutindi arudi. Alimkuta amekaa mlangoni mwake akivua viatu vya safari, akampa.

Mutindi aliweka kidole kwenye sikio lililopasuka.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu wa sikio. Ako na mimba."

"Ndio, mwaitu."

"Ni ile kioo imeona hii?"

"Ni hiyo. Lakini siku hizi inaona tu kutoka pale wewe unasimama."

Mutindi aliiweka picha juu ya kiti, mbali na vumbi. Akainuka, akachota maji, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaifuta kwa leso yake.

"Basi," alisema, "nipe wajina wangu."