Chakula Alichoachiwa Iwao

Katika jiko la shule alikofanya kazi Bi Kinue, mpishi hali chaza wabichi msimu wote wa baridi, asije akawapelekea watoto kirusi cha kuharisha. Ni katazo gumu kwa watu wa pwani ya Hiroshima, na wauza samaki hawakukosa la kusema. "Wapishi wa shule mmeshakuwa watawa!" Kinue alikuwa akicheka tu, akapita.

Siku ya kumkumbuka mumewe, Iwao, aliyefuga chaza hadi kufa kwake, alimwekea wawili wabichi juu ya meza ya sadaka, mbele ya picha yake. Chakula cha marehemu hakitupwi. Kikishushwa, aliye hai hukila. Kinue aliwashusha akawala, wala jiko halikumjia akilini. Aliona anakula pamoja na Iwao.

Wiki hiyo wapishi walipeleka sampuli za choo maabara, kama ilivyo desturi yao. Majibu yalipotoka, mkuu wa jiko, Bi Sachiyo, alimpigia simu.

"Kinue, tumbo linakuuma?"

"Liniume kwa lipi? Jana nimefuta bakuli mbili za wali."

"Basi kaa huko huko na wali wako. Una kirusi cha kuharisha."

"Dada, mimi mzima kabisa!"

"Wewe mzima, na watoto je? Shukuru hajaugua hata mmoja. Hurudi jikoni mpaka kipimo kitoke safi."

Kinue hakuwa na lingine la kumtoa nyumbani ila jiko lile. Alisugua choo kwa dawa mpaka macho yakamchoma, akapeleka sampuli nyingine. Kirusi bado kipo. Akapeleka tena. Bado.

Hakuumwa popote. Alihisi tu kwamba hayuko peke yake mwilini. Akikaa kula, alijikuta anasogea kumpisha mtu.

"Umenilisha mwenyewe, sasa wanifungia ndani?" aliiambia picha. "Toka basi, mwanamume wewe. Watoto wa watu wanakula kwa mikono yangu."

Hatimaye Sachiyo alipiga simu asubuhi moja, sauti yake imechangamka. "Safi! Kesho njoo mapema, karoti zinakungoja."

"Asante, dada," Kinue alisema.

Akapiga pasi aproni yake. Mchana alipoketi kula, hakusogea. Alisikiliza, kisha akaita kwa sauti ndogo, "Iwao?"

Akangoja mpaka supu ikapoa.