Nilipanda meli ya cruise Mombasa na mvinyo wangu, mama mkwe akapanda na wake

Wakuu, salaam aleikum na hamjambo nyote, wa pwani na wa bara.

Kuna ndugu humu aliuliza kama mtu anaruhusiwa kuingia na mvinyo wake mwenyewe kwenye meli ya kitalii. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Nikaona mistari miwili haitoshi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu ni shahidi. Chumvi sijaongeza, ilikuwepo ya kutosha huko baharini.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Kakamega, ila Mombasa nimekaa mpaka jua la hapa halinishtui tena. Ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo kule Kilindini. Kwa lugha nyepesi, ninalipwa kujua kipi kinaingia, kipi hakiingii na kwa sababu gani.

Mke wangu ni Dama, Mrabai. Mwaka jana wakala mmoja wa meli tunayefanya naye kazi alibakiwa na vyumba viwili kwenye cruise ya kwenda Zanzibar na kurudi. Akatupa kwa bei ya kuona haya kukataa. Mimi nikataka kimoja tu, mimi na mke wangu, tujione watu.

Dama akasema, "Cha pili ni cha mama."

Sikubisha. Ila mjue kitu kimoja: kwetu Waluhya mtu na mama mkwe wake hawali meza moja. Mkikutana njiani, mmoja anachepuka kichakani mpaka mwenzake apite.

Melini hakuna kichaka.

Turudi kwenye sheria za mvinyo, maana ndizo zilizowaleta humu. Nilizisoma zote kama nasoma za forodha. Kila abiria mtu mzima anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo. Iwe imefungwa kutoka kiwandani. Iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Na ibandikwe jina la abiria na namba ya chumba chake.

Sisi tulikuwa watatu. Mama mkwe ni kiongozi wa kina mama kanisani kwao, mtu ambaye vilabu vya pombe pale kijijini humfungia mlango akipita, wasije wakaombewa. Kwa hiyo chupa yake nikaihesabu yangu. Ya Dama pia, maana Dama humaliza glasi moja kwa saa nzima.

Nikanunua tatu nyekundu, nikabandika majina kwa mkono wangu, nikajipongeza.

Siku ya safari mama akateremka kutoka Rabai asubuhi, tukamngoja Makupa. Dama alikuwa amemnunulia leso mpya Biashara Street, jozi nzima. Moja mama kajifunga kiunoni. Ya pili kafungia kitu mgongoni, vile kina mama wanavyobeba mtoto.

Hakuwa mtoto. Kilikuwa kidumu cha njano, vile vya mafuta ya kupikia.

Harufu ilinifikia kabla ya salamu.

"Shikamoo mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni mnazi. Umegemwa leo alfajiri."

Wakuu, nilifurahi moyoni furaha mbaya. Nikasema, kumbe! Miaka yote hii ya maombi, kumbe na sisi tuna vyetu.

Nikamwambia kwa adabu, "Mama, hawa watu hawataruhusu."

Akanitazama mkoba. "Wewe umebeba ngapi?"

Nikaita teksi.

Pale kwenye jengo la abiria Kilindini foleni ilikuwa ndefu, watalii wengi, kofia za majani, kila mtu mwekundu kwa jua. Tulipofika mbele, mlinzi wetu wa bandari, binti mmoja mchangamfu, akamtolea mama tabasamu. "Hongera mama! Mjukuu?" Akafunua leso achungulie.

Kifuniko cha njano kikampumulia usoni: fsss.

Binti akaruka. Mzungu mmoja nyuma yetu akaruka pia bila kujua sababu.

Akaitwa ofisa wa usalama wa meli, mtu wa India, shati jeupe limenyooka kama karatasi. Hakuwa mkali. Aliuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionitia hofu, maana mtu mkali unaweza kumbembeleza.

Nikajitosa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha bandarini kwamba huu ni palm wine, na sheria yenu inasema wine. Wine ni wine.

Akaniuliza kama kimefungwa kutoka kiwandani.

Hapo ndipo nilipokwama. Sheria yao inataka chombo kilichofungwa kabisa. Mnazi unachacha saa zote, na ukiufunga kabisa unageuka bomu. Yaani mnazi halali ni ule utakaolipua meli.

Kisha akatazama chupa zangu, akasoma jina moja moja. Akamwambia yule binti, naye akamtafsiria mama: "Anasema wewe tayari una chupa yako, mama. Hii hapa, ina jina lako."

Mama akaichukua. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Foleni nzima ikanitazama.

"Huyu mwanangu kanibebea," akasema. "Ana moyo mzuri."

Sitasahau sentensi hiyo.

Ofisa akauliza, huu mnazi ni wa nani hasa, kama si wake?

Mama akajibu, "Ni wa baba Dama."

Ofisa akafungua orodha ya abiria. "Yuko chumba namba ngapi?"

Binti akatafsiri. Mama akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi dukani, "Hayuko chumbani. Yuko majini."

Binti hakutafsiri. Mkono wake ulibaki juu ya leso. Ofisa akamngoja, kisha akafunga orodha.

Mimi nilijua baba mkwe alifariki zamani. Alifaje, sikuwahi kuuliza. Kwetu mkwe haulizaulizi.

Uamuzi ukawa huu: kidumu hakiharibiwi ila hakiendi chumbani. Kitakaa kwenye stoo ya vitu vilivyozuiwa, tutakichukua siku ya kurudi Mombasa. Mama akauliza swali moja tu, kama wataweza kutokaza kifuniko. Wakasema wataweza.

Jioni ile, meli ikiacha mlango wa bandari, Dama ndiye aliyenisimulia.

Baba yake alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Aliondokea Kilindini hii hii, Dama akiwa shule ya msingi. Meli ikafika ilikokwenda, yeye hakufika. Walimkosa asubuhi moja, wakiwa wamepita Zanzibar. Basi. Hakukuwa na mwili. Kule Rabai wakazika nguo zake.

Kila mwaka mama humwaga mnazi kidogo pale kaburini, kanisa lisipoangalia. Na kila mwaka, Dama akaniambia, mama hurudi nyumbani akisema neno lile lile: "Nimelinywesha shati."

Ndiyo maana alikubali kuja. Zanzibar yenyewe haikumhusu.

 Na mimi, wakuu, nikafanya jambo la kiume: nikaenda kula.

Ukumbi wa chakula una vitambaa vyeupe na uma za kukuchanganya akili. Mhudumu akaleta chupa yangu ya kwanza na karatasi ya malipo. Mvinyo ni wako, umeununua wewe, umeubeba wewe, lakini wakikufungulia pale mezani unalipa. Wanaita corkage. Nilipojumlisha, mvinyo wangu wa duka ulikuwa umeupita wa kwao kwa bei, ila kwa ladha ulibaki ule ule wa duka.

Na aliyofungua ni ile yenye jina la mama. Akaipeleka mbele ya mama, akainama: "Madam, your wine."

Mama akamshukuru. "Mpe mwanangu," akasema. "Ana kiu."

Nilikunywa nikiangalia dirisha.

Siku iliyofuata, asubuhi, tukiwa baharini, spika zikaita jina la mama. Tukakimbia wote watatu hadi ofisi ya usalama. Walinzi walikuwa nje ya stoo, mlango wazi, hakuna anayeingia. Ndani, kidumu kimevimba duara kama mpira wa miguu. Mtu mmoja mwadilifu alipita usiku akakuta kifuniko kimelegea, akafuata utaratibu, akakikaza.

Mimi nilipendekeza tusubiri wataalamu.

Mama akaingia. Akapiga magoti kando yake kama anayembembeleza mtoto, akazungusha kifuniko polepole, pumzi ikatoka ndefu, na kidumu kikarudi umbo lake. Walinzi wakapiga makofi.

Yule ofisa wa India akanusa. Uso wake ukabadilika. Akasema kijijini kwao wanagema hivi hivi, juu ya mnazi, chungu kikiwa kimefungwa kileleni. Mama akammiminia kwenye kifuniko. Akakataa, yuko kazini. Akautazama mlango. Akanywa.

Nikaona hapa ndipo. Nikamweleza yote: baharia, nguo, shati. Nikamwomba amruhusu mama amwage kidogo tu kutoka ukingoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, na nadhani kilimuuma kweli. Anayemwaga kitu chochote baharini hushushwa bandari inayofuata, na ofisa aliyemruhusu hupoteza kazi.

"Hata maji?" mama akauliza nilipomtafsiria.

"Hata maji, mama."

Akafunga kifuniko. "Basi wasikaze sana."

Mchana wote ule alisimama ukingoni mikono mitupu, kama mtu aliyefika arusini akagundua zawadi ameisahau nyumbani. Watalii walimpiga picha, leso yake ilikuwa inapepea vizuri. Dama akasimama naye. Mimi nilikaa nyuma yao kidogo. Ile desturi ya kichaka ilikuwa imeisha yenyewe, sikumbuki saa ngapi.

Tuliporudi Kilindini tulipewa kidumu chetu. Nikafungua, nikarudisha kichwa nyuma. Siki tupu. Ungeweza kutengenezea achari mtaa mzima wa Mji wa Kale.

Nikaita teksi ya Makupa, mama apate gari la kwao. Mama akasema, "Nipeleke Likoni."

"Una ndugu Likoni, mama?"

"Sina. Nataka kuvuka."

Wakuu, feri ya Likoni mnaijua. Kwa mtu wa miguu ni bure. Tulishuka ule mteremko na umati wa watu wa kazini, wenye mikokoteni, wenye magunia ya viazi. Mama akapenya hadi ukingoni, kidumu mgongoni. Feri ilipofika katikati ya mkondo, akakishusha. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akamwona anachotaka kufanya, akavuta baiskeli yake nyuma, akavua kofia.

Sikuweza kujizuia. "Mama, umechacha."

"Na yeye kachelewa," akasema. "Asichague."

Akamimina. Alisema maneno kwa Kirabai, machache, na jina la mume wake ambalo sikuwa nimewahi kulisikia akilitamka. Dama alianza kulia hapo. Mnazi ule mweupe ulitanda juu ya maji kidogo, feri ikaupita. Meli zote za Kilindini, za mizigo na za starehe, zinatokea mkondo ule ule. Na ya mumewe ilitokea hapo.

Tulishuka Likoni, tukanywa chai, tukarudi na feri inayofuata.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: ndiyo, mvinyo wako unaruhusiwa. Chupa moja kila mtu, imefungwa, mkononi, na ukifunguliwa mezani jiandae kulipa. Usiweke jina la mama mkwe.

Funzo nililobaki nalo mimi ni dogo. Nimekaa bandarini miaka nikiuliza mizigo ya watu inatoka wapi na inaenda wapi. Mzigo wa mama nilidhani naujua kwa harufu.

Zile chupa mbili za mvinyo zilizobaki bado ziko juu ya kabati. Anayejua matumizi ya mvinyo usio na mnywaji aseme hapa chini. Na kama kwenu kuna mtu ambaye bahari haikumrudisha, niambieni nyie mlimwagaje. Mama ameniagiza nimsomee majibu.