Mjane Asiyetoka Nje

Wiki iliyopita, kwenye kibanda cha fundi simu hapa Bagamoyo, mama mmoja wa makamo aliweka simu yake mezani. "Mchezo ulionisifia umekwama."

Fundi alikuwa amemwekea mchezo wa hadithi, wa mjane anayemsaka muuaji wa mumewe. Akaitazama simu. "Haujakwama, mama. Bonyeza mlango, mjane atoke akapeleleze."

"Atokeje, na siku za eda hazijaisha?"

"Umemweka ndani tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Anawahoji wanaokuja kuhani msiba."

Fundi akakuna kichwa, akakiri kwamba mchezo una kasoro moja kubwa: marehemu huonekana akipita jikoni.

"Nimemwona," mama akasema. "Anafunua masufuria."

Fundi akaona upenyo. "Basi, kama mume yupo, eda hakuna. Mtoe."

Mama akamtazama kama mtu aliyekosa malezi. "Mume yupo, halafu mke atoke bila ruhusa yake?"

Mimi nilikwenda pale kubadilisha kioo cha simu, nikarudi na mchezo huo. Ni mbovu, lakini nawasihi muucheze. Wiki nzima namwomba marehemu ruhusa, naye anafunua masufuria tu.