Ni Tarehe Tu Iliyobadilika

Siku moja ya baridi kule Magamba haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na barua yako ndiyo iliyoirudisha. Unaniandikia kwamba kazini kwenu mshahara wa kila wiki mbili unafutwa, kuanzia mwezi ujao watu watalipwa mwisho wa mwezi, na wewe, mgeni wa miezi minne katika ofisi hiyo, ndiye uliyepewa tangazo ulibandike ukutani. Unasema ni kazi ya dakika tano. Basi soma haya kwanza, ndipo uende na gundi yako. Mimi sina haraka. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na redio yenyewe siku hizi inakoroma kunishinda.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa kijana wa Pangani mwenye mwandiko mzuri na majivuno yake, nikaajiriwa karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja cha mbao huko Magamba, juu ya Lushoto. Nilipanda mlima na mashati mawili mepesi. Wiki ya kwanza nilidhani baridi itaniua. Wiki ya pili nikagundua kuwa baridi inazoeleka, upweke ndio haukuzoeleka. Wafanyakazi walikuwa wakicheka kwa Kishambaa chao, nami nikikaribia wanahamia Kiswahili, wananisalimu kwa adabu, halafu kimya. Jioni nilijifungia chumbani nikisoma gazeti la wiki iliyopita, mpaka matangazo ya vifo vya watu nisiowajua.

Aliyenitoa humo ni Mzee Hoza, mpasua mbao wa siku nyingi. Kwao ni Mnazi, kule chini bondeni, ambako mkewe alibaki kulima. Alipita mlangoni kwangu jioni moja, akaniona, akasema, "Mwanangu, hilo gazeti utalila na chumvi? Njoo tule."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwake. Alikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, cha wageni, na gogo la mti wa mkulo karibu na moto. Sisi tulikaa kwenye gogo, bega kwa bega, chungu cha maharage mbele yetu. Nikimwambia shikamoo alijibu, "Marahaba, mwanangu." Sioni aibu kukuambia kwamba nililingoja neno hilo tangu asubuhi.

Sasa uelewe tulivyokuwa tukilipa. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yenye visanduku thelathini, tukiiita kipande. Siku uliyofanya kazi, nyapara anatia alama. Visanduku vikijaa unalipwa, na makato yote yanakatwa hapo, mara moja: akiba ya uzeeni, ada ya chama cha wafanyakazi, kodi ya chumba, unga uliochukua. Ukitaka kushuka kwenu wiki mbili ukalime, unashuka, kipande kinakungoja. Ni kama kila mtu alikuwa na mwezi wake mwenyewe mfukoni.

Ndipo ikaja karatasi kutoka makao makuu. Kipande basi. Kuanzia mwezi unaofuata, malipo ni tarehe ya mwisho ya kalenda, kwa siku ulizofanya kazi ndani ya mwezi huo tu, na makato yanakatwa yote kila mwezi, umefanya siku thelathini au kumi. Niliisoma mbele ya watu pale barazani, kwa Kiswahili cha ofisini, haraka haraka, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Nikauliza, "Kuna swali?" Hakuna aliyeuliza. Nikajisifu moyoni kwamba wameelewa.

Jioni ile, kwenye gogo, Mzee Hoza akaniuliza, "Ile karatasi ya leo, kwa mtu kama mimi ina maana gani?"

Mwanangu, jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshapiga mistari ya daftari jipya kwa mkono wangu. Nilijua pia mipango yake, maana alinisimulia kila jioni: alikuwa akijenga nyumba Mnazi katika kijiji kipya, mwenye duka mjini amemwekea mabati mpaka siku fulani, na kipande kimoja kikijaa anayachukua kabla ya masika. Lakini mchana kutwa nilikuwa nimechoka, moto ulikuwa mzuri, na niliogopa kuwa mtu wa kuleta habari mbaya mahali pekee nilipopendwa. Nikamjibu, "Si jambo kubwa, mzee. Ni tarehe tu iliyobadilika."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Alikuwa ameuliza mtu wake.

Mwezi mpya ulipoanza alifanya kazi siku kumi na nane, kisha akashuka Mnazi kama kawaida yake. Akapanda mahindi, akasimamisha miti ya nyumba, yeye na mkewe wakakandika kuta kwa udongo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nikirudi nafanya siku kumi na mbili, kipande kinajaa, nachukua mabati. Siku zile zote nilikula peke yangu, na mara tatu nilitaka kumtumia ujumbe kwa watu wanaoshuka sokoni. Sikuutuma. Nilijiambia labda makao makuu watabadili mawazo.

Alirudi siku ya malipo yenyewe. Nikamwita dirishani, nikampa bahasha. Akaifungua palepale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndani mlikuwa na malipo ya siku kumi na nane, yamekatwa makato ya mwezi mzima.

"Na zile kumi na mbili zilizobaki?"

"Hesabu inaanza upya kesho, mzee. Utazilipwa mwisho wa mwezi ujao."

Akazihesabu tena. "Ningejua, ningemaliza mwezi kwanza, nikanunua mabati, ndipo nikashuka. Ulikuwa unajua, mwanangu?"

"Nilijua."

Ikawa ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo. Siku aliyoahidiwa na mwenye duka ilipita, mabati yakauzwa kwa mwingine. Masika yakaingia. Kuta mpya zisizo na paa zilinyeshewa wiki nzima, udongo ukashuka wote, ikabaki miti imesimama, na mkewe akapitisha mvua zile kwa shemeji yake akilala jikoni. Nilimpelekea Mzee Hoza fedha zangu mwenyewe. Hakuzigusa.

"Sikukuomba pesa, bwana karani," alisema. "Nilikuuliza swali."

Hakunifukuza, na ingekuwa afadhali angenifukuza. Nilipokwenda kwake jioni iliyofuata nikasema shikamoo. "Marahaba, bwana karani. Karibu." Akainuka, akanifutia kile kiti chenye mgongo, akanipakulia wa kwanza, kama anavyopakuliwa mkuu. Yeye akabaki kwenye gogo. Nilikula nikiwa juu yake, moto uko mbali na miguu yangu. Baada ya siku chache nikaacha kwenda. Nikarudi kwenye magazeti. Nilikaa Magamba miaka mingine saba, mwanangu, na sijawahi kuwa peke yangu kama miaka ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Tangazo libandike, lakini usiishie ukutani. Waite wafanyakazi mmoja mmoja. Anayelipia mkopo nusu nusu kila wiki mbili mwonyeshe kwamba sasa makato yote ya mwezi yatakatwa kwa mara moja. Mwenye kodi ya nyumba katikati ya mwezi mwambie ni siku ngapi atakaa bila kitu. Mwambie sasa, wakati bado anaweza kupanga, hata akikukunjia uso. Na zaidi ya wote mwambie yule anayekupenda, maana yeye hataisoma karatasi, atakuuliza wewe. Watu wakinyamaza ukiwauliza kama kuna swali, usijisifu, wafuate walipo.

Mungu akulinde katika kazi hiyo, akupe ulimi wa kusema mapema. Akujalie popote utakapopelekwa upate moto wa kuota jioni, na watu watakaokusogezea nafasi kwenye gogo. Wakikuletea kiti, mwanangu, jiulize umefanya nini.