Bibi Harusi Juu ya Farasi

Mwanaume aliyekuwa anioe aliona kwenye simu yake harusi moja ya Dar es Salaam, bibi harusi akiingia ukumbini juu ya farasi mweupe, akaamua kwamba Geita haijawahi kuona kitu kama hicho na wa kwanza kuionyesha atakuwa yeye. Hakuniuliza kama naweza. Alinipigia nikiwa kazini, kwenye duka la vipuri nilikokuwa nauza mikanda ya pampu na kamba za kushukia mashimoni, akasema, "Jumamosi unaanza masomo ya farasi. Wewe nenda tu, kila kitu nimeshapanga."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yalikuwa salamu yake. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alikuwa na mashimo yake ya dhahabu, maduara tunavyoyaita, na karasha la kusagia mawe, mkarimu, hanywi, na hakuna siku aliyonipandishia sauti. Ila kuwa naye kulikuwa kama kupanda gari ambalo milango yake anaifungua dereva peke yake. Nilitaka kushuka, na sikujua nishike wapi.

Shule ya farasi ilikuwa nje kidogo ya mji, kiwanja kilichozungushiwa minyaa, na farasi watatu walioachwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Aliyekuwa akifundisha ni mzee mstaafu wa polisi wa farasi, mrefu, buti zake zinang'aa hata kwenye vumbi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanionyesha jike la kahawia lililokuwa limesimama chini ya kivuli.

"Mlete hapa, binti."

Sasa mimi ni mtoto wa wafugaji wa Kishapu. Nimekulia nyuma ya ng'ombe. Nikazunguka nyuma ya yule farasi, nikapiga mluzi, nikampiga kofi la kiuno ili aswagike mbele kama fahali wa jembe. Mguu wa nyuma ulipita karibu na goti langu, nikahisi upepo wake. Mzee alinivuta kwa ukosi wa blauzi.

"Unataka kuzikwa kabla ya kuolewa? Huyu haswagwi. Huyu unamwendea mbele, akuone usoni, ndipo mwondoke pamoja."

Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, halafu kicheko kikageuka kitu kingine na ikabidi nijifanye vumbi limeniingia machoni. Mzee alinipa kofia ngumu, akaleta kigoda cha kupandia, akanisukuma juu ya tandiko kama gunia la pamba.

Huko juu ni juu kweli. Watu wanaosema kupanda farasi ni raha hawajawahi kukaa juu ya mnyama anayepumua na ana mawazo yake. Mzee alisimama katikati akiwa ameshika kamba ndefu, mimi na farasi tukazunguka upande wa kulia, tukazunguka upande wa kushoto, hatuendi popote. "Shusha visigino. Legeza hatamu. Usimwangalie masikio, angalia unakokwenda." Ninakokwenda! Nilikuwa naiona minyaa, mlango wa banda, minyaa, mlango wa banda. Nilirudi nyumbani natembea miguu imeachana, na wateja dukani wakaniuliza kama nimeanza kushuka mashimoni.

Jumamosi zikafuatana. Kati ya moja na nyingine, bosi wangu aliniita akaniambia ananitakia ndoa njema na kwamba amepata msichana wa kukaa nafasi yangu. Nikamuuliza nafasi gani. Akashangaa. Mchumba wangu alikuwa amemtuma mtu kuja kuaga kwa niaba yangu. Nilimpigia kwa hasira, naye akacheka kwa upole: mke wake atasimamaje kaunta, anauza kamba kwa vibarua wake mwenyewe? Nilipomwambia sijui kama nataka hii ndoa, akasema huo ni uoga wa mabibi harusi wote, dada zake nao waliupata.

Kwa hiyo aliyebaki ni baba. Kwetu, neno la kuvunja ndoa halisemwi na msichana kwa mchumba; linasemwa na baba yake kwa wakwe, na ng'ombe wanarudi walikotoka. Tatizo ni kwamba ng'ombe wenyewe hawakuwapo. Mahari yangu haikumaliza hata msimu mmoja kwenye zizi letu. Baba aliwachukua wale ng'ombe akawapeleka Samuye, akamwolea mdogo wangu wa kiume, kama inavyofanywa siku zote: dada akiolewa, kaka anapata cha kuoa. Wifi alikuwa ameshahamia kwetu, mchangamfu, anapika michembe ya viazi vitamu vizuri kuliko mama, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mimi nikikataa, baba angelazimika kwenda Samuye kudai ng'ombe, na wifi angerudishwa kwao na tumbo lake. Hakuna aliyewahi kunieleza hayo. Ni mambo unayoyajua tangu unachunga ndama.

Lakini nilisema moyoni: baba ananipenda. Akijua, atatafuta njia. Tatizo likawa kumwambia. Simu ya baba husikilizwa na nyumba nzima, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Basi niliposikia anakuja Geita kuona ukumbi, nikajua ndiyo nafasi yangu, na hakutakuwa na nyingine kabla ya harusi.

Alilala kwa mchumba wangu. Asubuhi ya Jumamosi akaletwa kwenye shule ya farasi amuone binti yake anavyojifunza. Gari lilisimama getini na mchumba wangu akabaki ndani yake, anaongea na simu, kisha akapiga honi kumwita mzee. Mzee alimfunga farasi kwenye mti wa uzio, akaniambia nitulie hapohapo juu ya tandiko, akaenda.

Baba akaja peke yake, ameshika kofia mkononi.

Sikuweza kushuka. Nilikuwa sijawahi kushuka bila mzee na kile kigoda, na kigoda kilikuwa mbali. Na baba kwetu husalimiwa kwa magoti. Tangu nijue kutembea sijawahi kusema naye neno la maana nikiwa nimesimama, seuze kuwa juu yake. Nilikuwa natazama utosi wake, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kipara. Aliinua uso, jua likampiga machoni, akasubiri salamu. Nami niliona kwamba nikingoja nishuke, nitapiga magoti, na nikipiga magoti mdomo utajifunga kama siku zote.

"Baba," nikasema kutoka huko juu, "huyu mtu simtaki. Sitaki kuolewa naye. Naomba unisaidie."

Neno lilitoka lote, tena kwa sauti. Nilihisi mwili mwepesi.

Baba alimwendea farasi mbele, akamshika taya, akamfunua mdomo akatazama meno yake, kama afanyavyo mnadani anapomkagua dume. Akampapasa shingo. Mkono ulipofika karibu na goti langu ukasimama.

"Shuka, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama alivyozoea, "unisalimie."

Mzee alikuwa ameshafika. Alileta kigoda, akanishika kiuno, akanishusha. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilipiga magoti pale pale kwenye mavi na majani makavu, kofia ngumu ingali kichwani.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu." Aliitikia taratibu, akauliza habari za kazi, ambayo sikuwa nayo tena, na nikasema njema. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Halafu akachuchumaa ili uso wake uwe karibu na wangu, jambo ambalo sijamwona akilifanya kwa mtu yeyote.

"Ulikuwa unasemaje kule juu?"

Hakuwa ananitisha. Aliniuliza kweli, na alikuwa anaogopa. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua kwamba nikirudia, kesho atapanda basi la Samuye.

"Nilikuwa nasema huyu farasi ni mrefu sana, baba."

Alishusha pumzi ndefu, kifua chake chote kikashuka.

"Ni mrefu kweli," akasema, akanishika mkono kuniinua.