Mwanamke wa Nje ya Geti

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona kana kwamba niliiota. Ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka mtaani kwetu Gisenyi, mpakani na Kongo, na ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe jeusi la volkano, alikaa mwanamke na mtoto mgongoni. Hakuomba kitu. Alikuwa akiangalia paa letu.

Nasema letu, lakini lilikuwa lake. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Yeye alikimbilia Kongo wakati wa vita. Sisi, watoto wa wakimbizi wa zamani tuliozaliwa huko Kongo, tukarudi nchi ya wazee wetu, tukakuta nyumba tupu, tukaingia. Baba aliipaka rangi, akabadilisha mabati, na hatukuwa na pengine pa kulala. Sasa mwenyewe amerudi, na kila siku anakuja kukaa pale. Sote tulimjua, na hakuna aliyemtaja. Kujifanya humwoni mtu, nakwambia, kunachosha kuliko kulima.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa historia kule Nyundo, kichwa kimejaa Waroma. Asubuhi hiyo, tukinywa chai, niliwasimulia wazazi wangu somo la siku. Waroma wa kale walikuwa na hekalu la mungu wa milango. Vita ikiwapo, milango yake iliachwa wazi. Amani ikifika, ilifungwa, na mji mzima ukajua.

Baba alifurahi mno, akanyoosha kidole getini.

"Unaona? Hata Waroma walijua! Mi nafunga geti, tunakaa na amani. Bon, mambo imeisha."

Mama aliweka birika chini polepole.

"We mwalimu, hao Waroma walikuwa wanafunga wakati gani?"

"Vita ikiisha, Mama. Askari wote wakisharudi kwao."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa huyu mama iko nje, amesharudi kwake?"

Nilisikia mtoto akikohoa kule barabarani. Baba alikuwa mwepesi wa hasira, nikaogopa. Na niliogopa zaidi kwa sababu nilijua geti likifunguliwa hatuna nyumba tena. Baba alisukuma kikombe chake kando. Kisha akainuka, akaenda kufungua mwenyewe.

"Karibu, mama," alisema. "Ingia kwako."

Yule mwanamke aliingia akitembea taratibu, kama anayeogopa kuamka. Alipita sebuleni bila kutazama viti vyetu, akafika jikoni, akaweka kiganja ukutani, akalia. Baba naye akalia. Sijawahi kumpenda baba yangu kama siku ile. Tulibanana naye humo kwa muda, mpaka tukapata vyumba vya kupanga upande wa Cyanzarwe. Baba hakupata tena nyumba kama ile maisha yake yote, ila usingizi aliupata.

Mwanangu, siku utakapokuwa mkubwa wa chochote, iwe nyumba, kijiji au nchi, watakuja kukwambia kote ni kimya. Usifurahi upesi. Waulize nani hajarudi kwake, halafu umwite huyo, umsogezee kiti, hata kama kiti chenyewe ni hicho ulichokalia. Utaumia, sikufichi. Mungu akujalie nyumba ambayo mtu akibisha hodi, moyo wako hautashtuka.